Tumbo Lisiloonyesha Kitu

Hebu mwone anavyoingia zahanati: mwanamke mrefu, vumbi la sponji limemganda nyweleni, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni, meno ameyakaza. Mpishe kwenye benchi, atakukatalia. Hataki kukaa, hataki kuinama. Amekuja na maumivu yake na hataki yamponyoke mlangoni.

Usishangae, nakueleza. Huyu ni fundi wa makochi, karakana nzima inamwita Mama Misumari. Tangu apasuliwe kidole tumbo miaka ya nyuma, akishiba tu tumbo linamkata mpaka anatapika. Dawa yake aliigundua kazini. Alikuwa amepiga magoti, kifua chini, akipigilia kitambaa uvunguni mwa kochi, mara kitu kikateleza ndani na maumivu yakakatika. Tangu hapo akibanwa, magoti na kifua chini. Kisha anakwenda zahanati, na akifika, yu mzima kama kigongo.

"Ingekuwa ngiri, ingevimba, mama," tabibu alimwambia akimbonyeza. "Hapa hakuna kitu. Hiyo gesi tu."

"Gesi inanipeleka chooni kukojoa kila nikigeuka?"

"Sasa tabibu ni mimi au wewe?"

Nyumbani ndiko kulikozidi. "Tumbo la mama yenu lina macho," mumewe aliwaambia watoto. "Likiona vyombo vichafu tu, linauma!" Wakacheka wote. Kicheko kile kilimchoma kuliko tumbo lenyewe.

Ndiyo maana leo amekula akashiba makusudi. Maumivu yalipoanza, hakupiga magoti. Alitembea wima njia nzima, akimtukana mumewe moyoni na tabibu kwa sauti.

"Umerudi tena?" tabibu akamuuliza.

"Nimerudi nalo. Haya, lishike!"

Akalishika. Lilikuwa gumu kama ubao. Mzaha ukamwisha, akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa.

Mama Misumari alipozinduka hospitali kubwa, daktari wa upasuaji alimweleza polepole. Ni ngiri, ila ya ndani. Ile operesheni ya zamani iliacha upenyo kwenye utando unaoshikilia utumbo. Utumbo ulikuwa ukipenya pale na kurudi, na safari hii ukanasa, ukajinyonga, damu isiufikie. Ukivimba uligandamiza kibofu chini na kusukuma mfuko wa chakula juu. Kipande kilichokufa wamekikata.

"Ungekuja mapema, mama, tungeurudisha tu mahali pake."

"Mapema?" Alitaka kucheka, mshono ukamzuia. "Mapema nilikuja mpaka benchi la zahanati likanizoea!"

Jioni mumewe akaingia na chupa ya uji, macho mekundu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Jamani mke wangu, kumbe unaumwa hivi! Mbona hukuniambia?"

Mama Misumari akamtazama. Akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya shuka.

Mwenzangu, ungekuwa wewe, ungemjibu nini?