Betri ya Gari la Direkta, na Mikono ya Kabeya

Siku ya kwanza ya kazi hatukupewa funguo za bolti wala bisibisi. Kontrameta, yaani msimamizi wa garaji kubwa la mgodi, hapa Kolwezi, alitusimamisha mbele ya meza ya chuma na kutuambia tuweke mikono juu yake. Tulikuwa wawili tu tulioajiriwa asubuhi ile. Mmoja mimi, Ilunga. Mwingine kijana mwembamba wa familia iliyotoka Kasai, ambaye baba yake alikuwa amefanya kazi mgodini kabla yake. Jina lake Kabeya.

Kontrameta alitazama mikono yangu, akaigeuza kama mtu anayenunua samaki.

"Hii ni majembe," alisema. Kisha akashika ya Kabeya, yenye vidole virefu. "Na hii ni mikono ya mkunga. Hii itaingia mahali popote."

Mafundi walicheka. Mimi pia nilicheka. Siku ile ile Kabeya alipelekwa kwenye nyaya za umeme, na mimi nikapelekwa kwenye chumba cha betri.

Ninyi vijana mnaotengeneza magari kwa kompyuta hamjui chumba cha betri kilikuwa nini. Betri za wakati ule zilifunguliwa kwa juu, kila moja na vifuniko sita. Asubuhi nilipima asidi kwa kijichupa cha kioo chenye kijiti kinachoelea ndani. Kikielea juu, betri ina nguvu, kikizama, imechoka. Niliongeza maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke, nikasugua vichwa vya betri, vya madini ya risasi, kwa brashi ya waya, nikavipaka grisi ili visiote ule ukungu wa kijani. Suruali zangu zote zilikuwa na matundu ya asidi. Mke wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema kwamba anaishi na mtu anayeliwa na panya mchana.

Niliipenda kazi ile. Baada ya miaka michache niliweza kusikiliza gari likiwashwa nje na kusema ni betri ipi inakufa. Lakini shefu, mkuu wa garaji, akija na wageni hakuwaonyesha chumba cha betri. Aliwapeleka kumwona Kabeya akiingiza mkono nyuma ya injini ya lori, hadi begani, macho yamefumbwa, na kutoa nati ambayo wengine wangeshusha injini nzima kuifikia. Wageni walipiga makofi. Mimi nilisimama mlangoni na brashi yangu.

Nitasema wazi, kwa sababu nimezeeka na sina cha kuficha: nilimwonea Kabeya wivu tangu siku ya meza ile. Hakunikosea kitu. Aliniita yaya, kama kaka yake mkubwa, ingawa tulilingana umri. Mtoto wangu wa pili alipozaliwa, yeye ndiye aliyekuja na kuku. Nilimla kuku yule nikiwa na hasira.

Halafu nilitumwa Lubudi, kutunza betri za garaji la reli. Nilikaa huko miaka mingi, kati ya mashamba ya mahindi na mabehewa. Shefu wa stesheni alikuwa mtu mpole aliyeniambia, "Tata Ilunga, bila weye treni zangu ni nyumba tu." Hakuna mtu mwingine aliyenisifu hivyo kazini. Hata hivyo, kila barua iliyotoka Kolwezi ilikuwa na habari za Kabeya. Kabeya amefanya hili, Kabeya amesifiwa na Enjenia. Nilizisoma, nikazikunja, nikawashia jiko.

Kampuni ya zamani ilipodhoofika, nilirudi. Makampuni mapya yalikuwa yameingia, na mimi na Kabeya tukaajiriwa tena pamoja, katika garaji moja la malori, upande wa barabara ya kwenda Musonoi. Sasa tulikuwa watu wazima wenye miwani. Na hapo ndipo jambo langu lilipotokea.

Shefu wa seksheni ya umeme alikuwa anastaafu. Nafasi yake ingechukuliwa na mmoja wetu, na kila mtu alijua ni nani. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani. Kwangu haikuwa jambo la mshahara. Nilitaka Kabeya, kwa mara moja, aje kuniomba ruhusa.

Siku hizo Direkta alikuwa na gari la spoti, la kijivu, fupi, limelala chini kama chura. Katika mji wetu wa vumbi na mashimo halikuwa na pa kwenda ila kwenye lami ya kiwanja cha ndege, siku ya Jumapili. Siku nyingine zote lilifunikwa turubai. Betri isiyotumika hufa, na ile ilikufa. Gari lilikokotwa hadi kwetu asubuhi ya siku ya kazi, na shefu wa garaji akatuita wote.

"Direkta anakuja kulichukua saa nane," alisema. "Mwenye atabadilisha hii betri bila kukwaruza gari, njo jina yake nitaandika kwa ile nafasi. Kabeya iko Kingamyambo, anatengeneza pampu. Ilunga, betri ni kazi yako. Anza."

Nilianza. Mlango ulifunguka kwa ufunguo. Injini ilikuwa nyuma, na betri ilikuwa mbele, chini ya kifuniko cha pua ya gari. Lakini kifuniko kile hakikuwa na kamba wala kitasa. Kilifunguliwa kwa umeme. Fikirini: betri imefungiwa ndani, na ili uifikie unahitaji umeme, na umeme uko kwenye betri ambayo imekufa.

Nilizunguka gari lile asubuhi nzima. Nililala chini yake. Niliweka sikio juu ya chuma, kana kwamba lingeniambia. Karibu saa tano nilimsikia shefu akimtuma mwenye pikipiki Kingamyambo akamlete Kabeya. Nikajipenyeza tena chini ya usukani, nikafungua sanduku la fyuzi, nikapitisha kidole kwenye safu moja moja. Pembeni kabisa, mahali ambapo hakuna fyuzi, kidole changu kinene kiligusa kitu kilichotikisika. Nilikivuta kwa kucha. Kilitoka: ulimi mdogo wa shaba, mwekundu kwenye ncha.

Nilielewa palepale. Waliotengeneza gari walijua siku hii itafika. Ukiupa ulimi ule umeme kutoka nje, na kamba nyeusi, yaani waya mnene wa pili, ukaishikiza kwenye chuma cha mlango, kifuniko kinafunguka.

Niliuona mimi. Kwa majembe haya.

Nilivuta kigari chetu cha msaada. Kilikuwa na betri mbili zilizounganishwa, volti ishirini na nne, kwa sababu malori ya mgodi yanatumia ishirini na nne. Gari dogo linataka kumi na mbili. Kwa gari dogo unahamisha kamba nyekundu kutoka mwisho, unaiweka katikati, ili utumie betri moja tu. Nimewafundisha watu wangapi jambo hilo! Lakini nilikuwa nasikia pikipiki barabarani, kila pikipiki kwangu ilikuwa ya Kabeya, na mikono yangu ilifanya kile ilichozoea kuyafanyia malori maisha yote. Sikuhamisha kamba.

Kifuniko kiliruka juu. Nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Kisha nikasikia harufu, ile ya plastiki iliyoungua, na nikatazama kigari: kamba nyekundu bado ilikuwa mwisho.

Hakuna aliyekuwa pale. Wenzangu walikuwa wanakula bukari, ugali wetu, nyuma ya stoo. Ningeweza kwenda kwa shefu na kusema: nimefungua, lakini nimeunguza. Badala yake nilifunga kifuniko. Niliurudisha ulimi mahali pake. Nikahamisha kamba nyekundu hadi katikati, pale ilipopaswa kuwa. Nikaenda ofisini.

"Shefu, nimeshindwa. Tumungoje Kabeya."

Aliondoa kalamu mdomoni. "Weye? Betri ikushinde weye? Basi leo mvua itanyesha ndani ya ofisi."

Kabeya alifika mwekundu kwa vumbi, akicheka, akijipangusa uso kwa kofia.

"Yaya, mi nitafanya nini hapa? Betri ni kwako. Haukugusa kintu?"

"Hapana," nilisema. "Sikugusa kintu."

Ndilo neno lenyewe ninaloandikia karatasi hizi. Mengine yote ni maelezo.

Alichuchumaa mlangoni, akaingiza mkono chini ya usukani bila hata kuinama, akatulia kidogo, akatabasamu. "Iko ulimi hapa," alisema. Wenzetu walipiga kelele. Alivuta kigari, akatazama kamba nyekundu katikati. "Umeshanitengenezea. Aksanti, yaya."

Kifuniko kilifunguka taratibu. Kwanza akaunganisha kijibetri kidogo cha akiba, ili gari lisisahau kanuni zake wakati betri kubwa inatolewa. Kisha akalala kwenye ukingo wa gari, juu ya gunia safi. Betri ilikuwa chini kabisa, karibu na kioo, na bolti inayoishika ilikuwa kwenye mguu wake, mahali macho hayafiki. Ukiiangusha imekwenda. Mkono wa Kabeya uliingia hadi begani. Alifumba macho kama zamani. Alizungusha kwa ncha za vidole, akasita, akazungusha tena, akatoka na bolti imelala kiganjani kama yai. Nilikuwa nimekwisha kumwangamiza, na bado nilisimama pale nikimwonea wivu kwa jinsi alivyoifanya kazi ile.

Alipoinua betri, ufunguo wake wa bolti uligusa bodi ya gari. Ilitoka cheche moja ndogo, isiyo na madhara. Lakini shefu aliiona.

Betri mpya iliwekwa. Taa ziliwaka. Ufunguo ulipozungushwa, gari lilikaa kimya. Kisanduku kinachotambua ufunguo kilikuwa kimeungua, na kilipatikana ng'ambo tu. Direkta alifika saa nane, akasimama akilitazama gari lake, kisha akatutazama sisi.

"Nani?" aliuliza.

Kabeya alivua kofia.

"Labda ni mimi, Bwana Direkta. Kulikuwa cheche."

Jina lililoandikwa kwa ile nafasi lilikuwa langu. Kabeya alipelekwa kwenye magurudumu, kubandua matairi ya malori kwa nyundo na chuma kirefu. Aliifanya kazi ile hadi kustaafu. Kila alipohitaji ruhusa ya kwenda matanga au hospitali alikuja mezani kwangu, kama nilivyotaka, akasimama akaomba. Na mwaka hadi mwaka niliona vidole vyake vikivimba, vikipinda, kucha zikiwa nyeusi. Mwishoni mikono yetu ilifanana.

Alikufa masika haya, kwa ugonjwa wa kifua. Katika matanga watu waliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakimkumbuka. Na kumbukumbu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: Kabeya ndiye fundi wa kwanza Kolwezi kuona ulimi wa gari la Direkta. Kila aliyefika alisimuliwa. Wajukuu wake walionyesha kwa vidole jinsi babu alivyoingiza mkono.

Nililia kwa ajili ya rafiki yangu. Nililia kweli. Na ndani ya kilio kulikuwa na sauti inayosema: niliuona mimi. Lakini sikuweza kuudai ulimi bila kusema habari ya kamba.

Siku ya tatu nilimwendea mjane wake, Mama Ntumba, alipoketi kwenye mkeka. Nilimwambia yote. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa chake.

"Tata Ilunga," alisema, "kila siku ya Mungu alikuwa ananiuliza ile cheche ilipita wapi. Anachora gari kwa mukaa chini, pale jikoni. Anasema, mi sione, mama Ntumba, mi sione mahali ilipita."

Alikunja kitambaa, akanitazama.

"Unaniambia juu ya roho yake, ao juu ya ule ulimi?"

"Juu ya vyote viwili," nilisema.

"Angalau leo hausemi uongo. Simama, uambie batu. Anza na kamba. Ulimi wako utafuata nyuma."

Nilisimama mbele ya turubai lote. Nilianza na kamba. Mtoto mkubwa wa Kabeya alitoka nje, akasimama nyuma ya ukuta, na hajanisalimia hadi leo; ana haki. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kusema yote, nilisema pia kwamba ulimi niliuona mimi kwanza.

Kasongo, mzee aliyebandua matairi pamoja na Kabeya, alikohoa.

"Weye uliutafuta muda gani?"

"Asubuhi nzima."

"Na yeye?"

Nilijua jibu. Nilikuwa pale. "Hata sigara isingeisha."

"Na hakuna mutu alimuonyesha?"

"Hakuna."

"Basi na yeye aliuona," alisema Kasongo, na watu wakaitikia, na wengine wakacheka kwa machozi. Hata siku nilipodai changu, alinishinda akiwa kaburini.

Sasa nimestaafu, ninakaa nyumbani, na mafundi vijana huniletea maswali. Ninawaambia: kabla ya kushika gari dogo, itazame kamba nyekundu, kisha itazame tena. Ukiunguza, sema kabla moshi haujatoka. Magari ya aina ile yameongezeka mjini, na mara kwa mara mmoja hunipigia simu akiwa amekwama nje ya kifuniko kilichofungwa. Ninamwelekeza: chini ya usukani, pembeni kabisa ya fyuzi, kuna ulimi.

"Nani alikuonyesha, tata?" huuliza.

"Kabeya aliuona," ninamjibu. "Na mimi pia."

Ninalitanguliza jina lake kila mara. Na kila mara bado linanichoma kidogo.