Fundi Aliyetetemeka Dakika Mbili

Kwa miaka kumi na minane, mama mshona suruali alikuwa na sifa mbili mtaani: mshono wake haufumuki, na yeye mwenyewe hababaishwi na mtu. Ila akishtuka, au akiinuka ghafla kwenye cherehani, mwili ulimgeuka. Mikono ilitetemeka, miguu ikayumba, ulimi ukawa mzito. Dakika mbili hivi, kisha anaokota mkasi na kuendelea alipoachia.

"Asubuhi yote hii na keshapiga chupa," mteja mmoja alisema, wala hakushusha sauti.

Fundi alimpima kiuno taratibu. "Suruali ni Alhamisi. Na ningekuwa nimelewa, kaka, ningekukata wewe badala ya kitambaa."

Kilichompeleka hospitali ni binti yake, aliyeanza kuyumba vivyo hivyo darasani kila kengele ilipolia. Hapo hakungoja. Daktari wa mishipa ya fahamu, kijana wa maneno machache, aliwainua wote wawili ghafla mara kadhaa, akatazama, akachukua damu. Majibu yalipotoka akawaita.

"Ujumbe ukipita kwenye mshipa wa fahamu, seli huchangamka kwa umeme mdogo," alisema. "Ili itulie, vijilango kwenye ukuta wake hufunguka, madini ya potasiamu yakatoka, kisha vikajifunga. Vyenu vinachelewa kufunguka. Ujumbe umeshafika, lakini seli bado inapiga kelele."

"Kwa hiyo si kichaa?"

"Hata kidogo, mama. Mmezaliwa navyo. Kuna mzazi wako aliyekuwa hivi?"

Baba yake fundi, dereva wa tingatinga, alifukuzwa kazi kwa ulevi, na hakuna aliyewahi kumwona na glasi mkononi. Alizikwa watu wakimwita Mzee Yumbayumba.

Jumapili alikwenda kwa shangazi yake, dada wa marehemu, akamweleza yote bila kuruka kitu.

"Nilimkataza kaka yangu asije harusini kwangu," shangazi alisema. "Niliogopa ataniaibisha."

"Hukujua, shangazi. Sasa unajua. Waambie na ndugu wengine."

Naye akawaambia, mmoja mmoja, kwa simu, mpaka sauti ikamkauka.

Vidonge alivyowapa daktari vilipunguza mitetemo ya mama na mwana, ingawa havikuimaliza. Fundi alikwenda shuleni mwenyewe, akamwambia mwalimu, "Ikimjia, mwache akae chini dakika mbili. Ikipita, mpe hesabu zake kama wenzake. Asikudanganye kuwa amechoka."