Gesi Haiishi

Jina la Mama Ghorofa halikuanza kwa heshima. Alipewa na wachuuzi wenzake, enzi zile anauza mashuka ya mtumba na kusema waziwazi kwamba siku moja atajenga. Wakamcheka: haya Mama Ghorofa, tusogelee basi na sisi tupate kivuli. Akajenga. Ghorofa mbili juu ya ile ya chini, ngazi za ndani zenye vishikio vya chuma, na mtambo mkubwa wa baridi juu ya paa unaopeleka ubaridi nyumba nzima. Mume alikwishafariki, hati ya nyumba ikashikwa na benki kwa mkopo, na jina la kejeli likapanda kwenye bango la mlangoni.

Nyumba ile aliijenga zaidi kwa mdomo kuliko kwa saruji. Hapakuwa na fundi aliyemtajia bei akaondoka nayo. Alikuwa na namna yake: anasikiliza, anacheka kidogo, anauliza watoto hawajambo, kisha anataja nusu na kunyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikowamaliza. Watu wengi hawawezi kukaa na kimya. Watakupunguzia bei ili tu mtu aseme neno.

Mpangaji wake mkubwa alikuwa mfamasia aliyechukua sakafu yote ya chini kuwa stoo ya dawa za jumla. Kodi yake ndiyo iliyokwenda benki. Za ofisi za juu zilikuwa za kula. Alikuwa mtu mpole asiye na maneno, ndiyo maana siku alipoingia akavuta kiti bila kukaribishwa, Mama Ghorofa alijua leo kuna kazi. Stoo imepata joto tena, alisema. Wakaguzi wa dawa wanakuja mwisho wa mwezi, na wakikuta kipimajoto kimepanda watamfungia biashara.

"Mama, mimi sitakusumbua tena," alimaliza. "Nitafutie mtu wa kweli wa mtambo huu, au nitafute nyumba nyingine."

Mtu wa mtambo alikuwepo. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi. Ndiye aliyeufunga wakati wa ujenzi na ndiye aliyeutunza tangu hapo. Joto likipanda, Baridi anakuja na mtungi begani, anakwea paani, anajaza gesi, anashuka akijifuta mikono. "Ilikwisha, shemeji." Mama Ghorofa hakuona ajabu, hata ya jikoni si huisha? Ila mwanzoni ilikuwa ikiisha mara moja kwa mwaka, na sasa ilikuwa ikiisha kabla hajasahau ujira wa safari iliyopita.

Akaanza kutafuta mwingine kimyakimya, mdogo wake asijue. Kila aliyekuja alimuuliza swali lilelile: gesi yangu haikai, kwa nini? Yule wa kampuni, shati limenyooshwa hadi kwenye mikono, alisema mtambo umezeeka, nunua mpya, na hakuugusa. Yule wa bei poa alisema ni msimu wa joto tu mama, tutajaza. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyekuja na pikipiki yake, mkoba wa vyuma umefungwa nyuma, na mafundi wenzake walimwita Bei Moja.

"Gesi hii haiishi," alijibu. "Si ya kupikia, haichomwi popote. Inazunguka mlemle bombani miaka na miaka. Ukiona imepungua, imetoka. Pana tundu."

Mama Ghorofa akacheka kidogo, akauliza watoto hawajambo. Hawajambo. Akataja nusu, akanyamaza. Bei Moja naye akanyamaza, akatazama nje, akatoa karanga mfukoni akaanza kutafuna. Zilipofika nusu ya pakiti, mwenye nyumba ndiye aliyefungua mdomo, jambo lisilowahi kumtokea, akasema haya, fanya.

Bei Moja alitoa gesi iliyobaki, akasukuma hewa ya kupimia ndani ya mabomba, akafunga pande zote na kuacha geji ya kupima shinikizo juu ya paa. Akapaka povu la sabuni kila kiungo cha bomba kinachoonekana. Hakuna kilichotoa hata kipovu kimoja. Kesho yake mshale wa geji ulikuwa umelala chini kabisa. Ndipo akashuka ngazi polepole, kiganja ukutani, akasimama penye doa la rangi ya chai.

"Hapa mnapaka rangi mara ngapi?"

Kila mwaka, Mama Ghorofa alimwambia. Ni unyevu, shemeji ndivyo alivyosema. Na si hapo tu, kuna lingine chini yake na lingine nyuma ya kabati la stoo.

Bei Moja akakwangua doa kwa ukucha, akamsugulia vidoleni. "Maji yanateleza hivi? Haya ni mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Yanatoka pamoja na gesi. Humu ndani ya ukuta kuna viungo."

Kisha akampa habari yote mara moja. Mabomba yatolewe, yapitishwe mapya. Kompresa nayo imeungua kidogokidogo kwa kukimbia na gesi pungufu, itakufa wakati wowote. Kazi ni ya wiki kadhaa, na wiki zote hizo hakuna baridi. Kiraka hakuna. Akaulizwa kama hawezi hata kuusogeza mwezi mmoja tu. Akasema mwenye kujaza gesi ndiye anayeweza kusogeza. Yeye hajazi kitu anachojua kinamwagika.

Jioni Mama Ghorofa alikwenda kwa mdogo wake. Baridi alikuwa kwenye kibaraza anatengeneza pasi ya jirani. Mdogo mtu akamkaribisha dada yake, akaona uso, akarudi jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mama Ghorofa aliuliza viungo vya ndani ya ukuta vimetoka wapi.

Baridi hakuinua macho. "Si uliniambia nisinunue bomba refu? Ulisema vipande vilivyobaki kwenye kazi nyingine vinatosha. Nikaviunga."

Alikumbuka. Aliwahi hata kusimulia sokoni jinsi alivyomkaba kwa bei shemeji yake mwenyewe.

"Na ulijua vinavuja?"

"Nilijua mwaka wa pili."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia tubomoe ukuta wa ghorofa yako, ungeniita tena?" Akageuza pasi, akapuliza vumbi. "Hii nyumba imekula kwako, shemeji. Wewe unajua."

Ni kweli, asingemwita. Jikoni vyombo viliacha kulia. Akaaga.

Benki ilimwambia hati haiwezi kukopewa mara mbili. Akaenda kwa mfamasia kununua muda: akampunguzia kodi, akampunguzia tena, akamwahidi mafeni. Mfamasia alimsikiliza kwa adabu zake zote, akasema mama, wakaguzi hawasomi kodi, wanasoma kipimajoto. Ijumaa lori lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Maboksi yalitoka tangu asubuhi hadi stoo ikabaki na mwangwi, na wa ofisi za juu wakashuka ngazi wakitazama, kila mmoja akipiga hesabu yake.

Wiki ya pili akapatikana mtu wa bima aliyetaka ofisi ya chini. Mama Ghorofa mwenyewe alimpigia simu Baridi. Baridi alifika mapema. Alikuja na mtungi, akakwea, akajaza, akashuka, na safari hii hakusema ilikwisha. Mgeni alipofika chumba kilikuwa kimepoa vizuri. Alinyoosha mkono chini ya tundu la hewa, akafurahi, akaomba kodi ipungue.

Ikapungua, ila kwa sharti moja lililoandikwa mkatabani: matengenezo ya baridi ni juu ya mpangaji. Mtu wa bima alilipitia sharti lile haraka, kama watu wanavyozipitia karatasi zake yeye za bima, akatia sahihi.

"Na fundi mzuri wa huu mtambo ni nani?" aliuliza akifunga kalamu.

Mama Ghorofa akamtajia namba ya shemeji yake, moja moja, akisubiri aandike.