Mchanga Wenye Homa

Shii! Ndivyo mchanga wa ufukweni ulivyolia mume alipoumwagia maji ili upoe, na sauti hiyo mkewe anaikumbuka mpaka leo. Mume huyo, mlinzi wa viota vya kasa, hakutosheka na kipimajoto. Alilaza kiganja juu ya kila kiota kama anayegusa paji la mtoto mgonjwa, kisha akakisogezea kivuli cha majani. "Mimi nikiumwa hunigusi hivyo," mkewe alimtania. Mlinzi alicheka, macho yamebaki mchangani. Joto likizidi, mayai yote hutoa majike. Siku mtaalamu wa kasa alipoleta majibu ya kuwapima vifaranga, "Mzee, msimu huu pia hatujaona dume," mkewe alipiga makofi: "Hongera, baba wa mabinti!" Mlinzi alijifuta viganja vikavu kwenye suruali, akajifuta tena. "Wakikua," alinong'ona, "watazaa na nani?"