Kikombe cha upande wa pili

Leo dadangu kanicheka kwa sababu ya kikombe cha chai.

Nilikuwa nachora meza yetu: birika, sahani ya mahamri, na kikombe. Nilimwambia Mama akiweke popote tu. Nikakichora vile vile nilivyokiona kutoka nilipoketi.

Dada akachungulia. "We! Mshikio uko kushoto? Nani hapo anakunywa chai kwa mkono wa kushoto?"

Kweli bwana. Nikachukua raba nifute.

Mama akanizuia. "Usifute. Ukikaa kiti kile mkabala nawe, mshikio uko mkono wa kulia."

Kiti kile ni cha marehemu Baba.

Hata Mama mwenyewe, nadhani, alipokiweka hakujua anamwekea nani.

Nanyi kwenu mikono bado inasahau hivi kuwa mtu hayupo?

Sikufuta. Nimekiongezea mvuke.