Jicho la Salome Bado Lilikuwa Linaona

Harufu ya migomba iliyokatwakatwa, ikichanganyika na ya samadi mbichi, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Machame. Desemba ile iliongezeka ya tatu, kali, ya dawa ya kusafishia vidonda, na mpaka leo nikiinusa naanza kuchanganyikiwa upya. Nilikuwa darasa la nne. Banda lilikuwa nyuma ya jiko, ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na humo aliishi ng'ombe mmoja tu, Salome, mwenye mwili mweusi na uso mweupe. Bibi mzaa mama alimpa Mama ng'ombe huyo akiwa bado ndama, mwaka aliofariki baba yangu. Salome hakuwa akitoka kwenda malishoni. Sisi ndio tuliompelekea majani, tukiyabeba kichwani. Nilimjua kuliko nilivyowajua watoto wa darasani, na mimi ndiye niliyekiona kwanza kile kitu kwenye kope ya chini ya jicho lake la kushoto, chekundu, kidogo kama punje ya mahindi. Mama alikiosha kwa maji ya chumvi. Kikakua hivyo hivyo, kikaota vijinundu, na inzi wakakihamia.

Kwetu Krismasi ndiyo wakati watu wanaporudi kutoka kote walikotawanyika, na nyama ya mnyama aliyechinjwa haigawiwi hovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kipo cha mkubwa wa ukoo, kipo cha shemeji, kipo cha mchinjaji, na ukimkosesha mtu kipande chake utasikia habari hiyo hadi Krismasi nyingine. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, alifika kutoka Dar es Salaam, akaenda bandani hata kabla ya kunywa chai, akamtazama Salome na kuanza kumgawa. Alimgawa akiwa hai, anacheua. "Huyu tumchinje kabla ya sikukuu, Mama Mkunde, asije akatufia bure," alisema. "Jicho lenyewe limeshaoza."

"Shemeji, huyu ng'ombe nilipewa na mama yangu," Mama akamjibu. "Na nimeshamwita daktari."

Baba Mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Daktari wa macho ya ng'ombe! Basi mwambie ampimie na miwani." Mimi sikucheka. Nilijua kwamba daktari akishindwa, Salome ataingia sufuriani, na mimi nitawekewa mezani mtori, supu ya ndizi iliyopikwa na nyama yake, na kuambiwa nisichezee chakula.

Daktari huyo wa mifugo alikuwa mtu wa Moshi mjini, mnene, mpole, mwenye haraka. Alikuwa ameshakuja mara moja kabla, akachukua kipande kidogo cha ule uvimbe kwenda kukipima, na majibu yakasema ni saratani. Neno hilo lilinishangaza, kwa kuwa nilidhani ni ugonjwa wa watu. Safari hii alipapasa kwanza chini ya sikio la Salome, akitafuta tezi zilizovimba, akasema anaona ugonjwa bado haujasambaa. Akamchoma sindano za ganzi kuzunguka jicho. Salome alibaki amesimama, amefungwa kwenye nguzo, Mama akimshika pua. Nilitegemea daktari akate kile kinyama tu, amalize, anywe chai. Badala yake alichukua sindano na uzi, akazishona kope zote mbili zikafungika kabisa, ugonjwa ukiwa ndani. Kisha akashika kisu na kuanza kukata kuzunguka kile alichotoka kukishona. Nani anashona kitu anachotaka kukitoa? Tena alikata mbali, kwenye ngozi nzima yenye manyoya safi, ngozi niliyokuwa nikiikuna kila jioni.

Nilishindwa kuvumilia. "Shikamoo daktari, mbona unakata na pazima? Hilo jicho linaona!" Na kweli lilikuwa linaona. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepitisha jani upande huo, na Salome akalifuata.

"Marahaba," alisema bila kuinua kichwa. "Ugonjwa huu una mizizi ambayo wewe huioni, hata mimi siioni. Nikikata pale unapoonekana kuishia, nitakuwa nimeubakiza. Na nikiubakiza leo, siku nyingine itakuwa vigumu zaidi kuung'oa."

Nilisikia maneno yote na sikuelewa hata moja. Alilitoa jicho zima na kope zake, likiwa kama kifurushi kilichofungwa, akatia nyuzi pembeni ili wapimaji wajue upande upi ulikuwa wa juu, akalitumbukiza kwenye kopo la dawa na kulifungia ndani ya sanduku lake. Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Hicho kilikuwa kipande chake! Kama mchinjaji ana chake, kwa nini daktari asiwe na chake, na nani angekubali kipande kidogo? Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Alipoondoka nikamwuliza Mama kwa nini daktari hakungoja mpaka Salome achinjwe ndipo achukue fungu lake. Mama alicheka mpaka akakalia ndoo. Baba Mkubwa alisema mtoto ameuliza swali la maana.

Krismasi ile tulikula nyama ya buchani. Baadaye daktari alileta majibu: kingo zote za ile nyama zilikuwa safi, hakuna ugonjwa uliobaki. Salome aliishi miaka mingi, akazaa, akatunywesha maziwa, na kila nilipoingia kwa upande wa kushoto alikigeuza kichwa chote kunitafuta.

Leo naishi Njoro, Moshi mjini, na daktari wa mifugo anapatikana kwa simu. Mwezi uliopita Mama alionyeshwa picha ya uvimbe kwenye titi lake, na daktari wa watu akamwambia karibu yale yale: watoe titi lote, na nyama nzima ya pembeni, na tezi za kwapani, maana nafasi nzuri ni hii ya kwanza. Mama alikataa. Mama yule yule! Nilipanda Machame nikiwa na hasira na hofu, nikamkumbusha jinsi alivyomshika Salome pua bila kutetemeka.

"Salome hakuulizwa," alisema.

Ni kweli, na miaka yote hii sikuwahi kuliona hilo. Nikasema, "Basi mimi nakuuliza wewe, Mama." Alinitazama, akainuka kwenda kuchochea moto. Hospitali imetupa Ijumaa kuwa siku ya upasuaji, na mpaka ninapoandika haya hajanijibu.