Chafya Iliyokatwa

Chama cha podikasti kilipoanzishwa shuleni kwetu, nilijiunga kwa sababu chama cha mijadala kilikuwa kimejaa na chama cha kilimo kilikuwa kinapalilia. Mlezi wetu alikuwa mwalimu wa historia, mama mmoja kutoka upande wa ziwa aliyekuwa ameishi Kericho tangu ujana wake na bado akituita "nyinyi watu wa hapa". Alitaka vipindi kuhusu historia, utamaduni na maisha ya kila siku. Tulianza na maisha ya kila siku kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Kipindi cha kwanza kilihusu foleni ya maji ya kuoga, na kilikuwa kirefu kama foleni yenyewe.

Tulirekodia katika stoo ya magodoro mabovu, ambayo yalizuia kelele za nje vizuri sana na kuihifadhi harufu yote ndani. Kifaa chetu kilikuwa simu ya zamani ya mwalimu, iliyojaa picha za harusi za watu tusiowajua, hivyo kila tulichorekodi kilihamishiwa kwenye kompyuta ya shule kisha kikafutwa simuni. Mwalimu alikuwa na sheria moja tu: sauti iwe safi. Msikilizaji, alisema, hakuja kusikia mtu akikohoa.

Sheria hiyo ilimwingia mhariri wetu kama dini. Alikuwa rafiki yangu wa darasani. Wazazi wake walitoka sehemu za kati wakafungua duka la misumari na mabati mjini, na yeye alikuwa na uvumilivu wa mtu aliyezoea kutenganisha misumari kwa ukubwa. Alitoa kikohozi, akatoa kumeza mate, akatoa kuvuta pumzi. Mwalimu mkuu alihojiwa kuhusu historia ya shule, na alipotoka mikononi mwa rafiki yangu alikuwa mtu anayeongea bila kupumua hata mara moja. Alifurahi sana. Alisema hajawahi kusikika msomi namna ile.

Katikati ya muhula wa pili tulipewa likizo fupi, na mwalimu akaniruhusu kwenda na simu nyumbani, huku Kiptere, kwa sababu nilimwambia nina kipindi cha utamaduni. Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Jina la kanisa alikuwa nalo tayari, limechaguliwa kabla hajazaliwa na kushonwa kwenye kofia. Lililobaki ni jina la nyumbani, na hilo halichaguliwi. Kwetu wanawake wazima hukaa na mtoto wakaita majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, mtoto akisogezewa ugoro kidogo puani. Jina litakaloitwa akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Ni mpango rahisi. Unahitaji tu mtu wa kuita na mtu wa kusikia.

Tatizo ni kwamba mwitaji alikuwa nyanya yangu, kogo kama tunavyomwita, na nyanya yangu hasikii. Si kiziwi, ukipiga kelele karibu naye anajibu, mara nyingi kuhusu jambo lingine. Ila haki ya kuita ilikuwa yake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alikubali nirekodi. Alisema hata yeye angependa kujua anavyosikika.

Tulikaa jikoni. Moshi, ugoro, mama yangu, shangazi yangu, jirani mmoja, na mimi na simu karibu na kichwa cha mtoto. Nyanya alianza kwa mbali, na wazee ambao hata baba hakuwajua. Mtoto alilala. Ugoro ulimpata jirani, akapiga chafya, tukamtazama vibaya. Ukampata shangazi. Nyanya akaendelea. Akafika kwa babu yangu, mume wake, akamwita. Na kwa kuwa hakusikia kitu, akaita palepale jina lililofuata, la kaka mkubwa wa babu. Hapo katikati, au karibu na hapo, mtoto alipiga chafya.

Wanawake walipiga vigelengele kabla ya kukubaliana walikuwa wanampigia nani.

Mama alisema chafya ilikuja baada ya babu. Shangazi alisema ilikuja baada ya yule kaka wa babu. Jirani alisema yeye macho yalikuwa yamejaa machozi. Nyanya alimtazama kila mmoja usoni na kuuliza, "Ni nani? Amekuja nani?" na wakamjibu wote kwa pamoja, jambo ambalo halikumsaidia.

Nieleze kwa nini hili lilikuwa jambo zito. Babu na kaka yake walikuwa hawaongei. Kaka mtu aliwahi kuuza ng'ombe wa nyumba ya babu bila kumwambia, na walizikwa wote wawili bila kupatana. Lakini huyo huyo ndiye aliyemlea shangazi utotoni, shangazi alipougua na kupelekwa kukaa kwake, karibu na hospitali, na shangazi alimpenda kuliko alivyompenda baba yake. Basi shangazi alikuwa na mtu wake wa kumngojea. Na nyanya alikuwa amemngoja mumewe kupitia wajukuu wote, wakubwa na wadogo, mimi nikiwemo. Kila mara alikuja mtu mwingine. Kwangu alikuja shangazi yake babu, aliyesifika kwa ubishi. Huyu wa sasa, kwa uzee wa nyanya, ndiye aliyekuwa wa mwisho ambaye angemwitia, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kurudia hakukuwezekana. Aliyekwisha itika ameshaingia, alisema mama, utamwambia atoke arudi tena? Ikabidi mtoto aitwe "huyu" kwa muda. Nyanya alinishika mkono. "Hiyo simu yako ilisikia," akasema. "Niletee."

Nilipobonyeza simu kwa sauti ya juu kabisa, nyanya hakusikia ila mvumo. Sisi wengine hatukuelewana pia, maana kila aliyesikiliza alisikia alichotaka, na chaji ikaisha. Nikaahidi nitaipeleka shuleni, ambako kuna vidude vikubwa vya kuvaa masikioni, kisha nitarudi navyo. Nilimpa rafiki yangu simu Jumapili jioni na kukimbilia maombi. Jumatatu wakati wa chai ya saa nne aliniita, uso ukimng'aa.

"Aki kazi yako ilikuwa chafu!" alisema. "Watu wanakohoa, jogoo anawika, mtu anapiga chafya kila saa. Nimetoa zote. Sikiza sasa."

Nilisikiliza. Sauti ya nyanya ilitiririka, safi kama ya mtangazaji wa habari. Jina la babu, jina la kaka yake, vigelengele. Hapakuwa na jogoo, hapakuwa na moshi, hapakuwa na mtoto.

"Ile chafya ndogo," nilisema. "Ilikuwa wapi?"

"Sikuangalia ilifuata jina gani. Mimi sijui hayo majina, kwangu ni lugha tu." Alinitazama. "Kwani ilikuwa ya maana?"

Nilimweleza. Alikaa juu ya godoro. Simu ilikuwa imeshafutwa na kujazwa mahojiano na mpishi, na kwenye kompyuta alikuwa amehifadhi rekodi safi juu ya ile chafu. Nilikasirika, naye alilia kwanza, kisha akapendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba anaweza kupakua chafya nyingine mtandaoni na kuiweka mahali tutakapopenda. Alinichezea moja. Ilikuwa ya mzee mnene.

Kilichotuokoa ni malezi ya dukani. Kwao hakuna kinachotupwa. Vipande vyote alivyokata alikuwa ameviweka akiba, akitumaini siku moja tutafanya mchezo wa redio na kuhitaji jogoo. Vikohozi vilikaa na vikohozi, chafya na chafya. Alikuwa hodari: kila kipande kilikatwa bila kubaki hata nusu ya jina. Tulikuwa na chafya zote za jikoni kwetu na hatukujua hata moja ilimjibu nani.

Mwalimu alituazima vile vidude na kompyuta ndogo, akaja nasi mwenyewe Jumamosi, akisema historia inahitaji mashahidi. Nyanya alikuwa amevaa kitambaa cha kwenda kanisani. Nilimwambia ukweli, nikipiga kelele, kwamba chafya ipo lakini mahali pake pamepotea. Shangazi, aliyekuja pia, alisema hilo basi halisaidii mtu. Nilikubaliana naye kimoyomoyo. Nyanya alinyoosha mkono tu, nikamvisha.

Ya kwanza ilimshtua. Nadhani hakuwa amesikia kitu karibu hivyo kwa miaka. "Huyo jirani," alisema kwa sauti kubwa. Ya pili ikaja. "Huyo wewe," akamwambia shangazi, "tangu utotoni unapiga kama unafukuza kuku."

Kisha nikacheza ile ndogo. Rafiki yangu, kwa bidii yake, alikuwa ameikata pamoja na pumzi zilizoitangulia: pumzi moja fupi, kimya, pumzi nyingine, halafu chafya, na mwisho mguno mdogo wa mtu aliyeudhika.

Nyanya aliiweka mikono yake masikioni akavibana vile vidude, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

"Kila asubuhi," alisema hatimaye. "Kila asubuhi alipiga hivi hivi, kabla ya kuvaa viatu."

Shangazi akamchukua mtoto kutoka kwa mke wa kaka yangu na kumweka mapajani mwa nyanya, na hakusema jina la mtu yeyote.

Nyanya alimtazama mtoto. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ikiwa mle ndani kuna kucheka kwa babu pia.

Nilimwambia hapana, kogo, kuna chafya tu.

"Haya," alisema. "Atacheka akikua."